Huang wa Lubunga: Jina Nililoliandika na Sikubali Kulifuta

Ninyi vijana mnaokaa sasa dirishani pale état civil, mnaogonga muhuri juu ya vyeti vya kuzaliwa huku jicho moja liko kwenye simu, nisikilizeni kidogo. Nimestaafu na magoti yananisumbua, lakini akili bado nzima na mkono bado unajua kuandika. Miaka thelathini na saba nimeandika watu wa mji huu wa Kisangani: waliozaliwa, waliooana, waliokufa. Mwaka jana mkubwa mmoja wa ofisi aliniomba nisaidie kufuta jina moja, moja tu, nami nikakataa. Watu wakasema Papa Omari amezeeka vibaya. Waseme! Nitawaeleza mambo yalivyokuwa, halafu mtaamua wenyewe nani amezeeka vibaya.

Jina lenyewe ni Huang. Ndiyo, la Kichina. Vukeni mto mwende Lubunga, ulizeni nyumba ya akina Huang, mwenye pirogi yeyote atawaonyesha kwa kidole. Mtakuta watu weusi kama mimi, wanakula lituma ya ndizi na samaki, wanagombana kwa Kilokele na kusali kwa Kilingala. Mgeni akisikia jina lao anacheka. Mimi sicheki, maana ndimi niliyelitia kitabuni, na nililitia pamoja na kosa.

Kwanza mumjue aliyenifundisha kazi. Chef Lisungi alikuwa mtu mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi, na alikuwa akitia pilipili kavu katikati ya vitabu vya ofisi ili mende wasile karatasi. Mpaka leo nikifungua kitabu cha zamani napiga chafya. Wakati huo kila karani alificha wembe kwenye mtoto wa meza. Ukikosea, unakwangua wino polepole, unalainisha karatasi kwa ukucha, unaandika upya, na hakuna anayejua. Mimi nilikuwa fundi wa wembe. Nilijisifu.

Siku moja mume wa Mama Fatuma akafa, nami nikamwandika mke kuwa ndiye marehemu. Mama Fatuma alikuja dirishani na cheti mkononi, nyuma yake watu kama ishirini wamepanga mstari.

"Karani, ni miye njo marehemu?"

"Samahani, mama..."

"Bon. Marehemu iko na njaa, anatoka mbali na mguu. Munipatie chakula!"

Mstari wote uliangua kicheko. Nikafungua mtoto wa meza, nikatoa wembe, na Chef Lisungi akanishika kiganja pale pale.

"Weka ile kitu chini," akasema. "Piga mustari moja juu ya kosa, moja tu, mutu aweze kusoma chenye ulikosa. Kisha kandokando andika kweli, na utie sahihi yako. Kitabu yenye haina kosa hata moja, ujue mwizi alipita mule."

Nilidhani ni ukali wa uzee. Nilitii kwa sababu alikuwa chef. Alinifundisha na jambo jingine ambalo sikulitii, na hilo ndilo lililonigharimu: kabla ya kuandika, ondoa macho kwenye karatasi, watazame waliokuja, waulize nani kazaa na nani, halafu wasomee ulichoandika kabla hawajatia sahihi. Mimi nilipenda sana mwandiko wangu. Nilitazama kalamu.

Sasa sikieni kosa lenyewe. Miaka ile walikuja wataalamu wa Kichina kufundisha kilimo cha mpunga kwenye mabonde ya ng'ambo. Mmoja wao aliitwa Huang. Mwenyewe aliingia matopeni na wakulima, misimu mitatu mfululizo, na rafiki yake mkubwa alikuwa mkulima wa Lubunga aitwaye Lotika. Mke wa Lotika akazaa mtoto wa kiume, na Lotika akampa mtoto jina la rafiki yake.

Mnajua desturi yetu. Mwenye jina na mtoto aliyepewa jina lake wanaitana ndoyi, na undoyi si mchezo. Ndoyi mkubwa hununua kitambaa cha kumfunga mtoto, hulaumiwa mtoto akikosa adabu, hulia wa kwanza mtoto akifa. Katika ukoo wa Lotika waliongeza jambo: siku ya kumwandikisha mtoto, ndoyi ndiye humbeba mpaka ofisini, na baba aliyezaa hutembea nyuma.

Basi wakavuka mto, wakaja hivyo hivyo. Mimi dirishani naona Mchina amebeba mtoto kwenye kitambaa kipya, uso umejaa furaha. Nyuma yake amesimama mtu mweusi, suruali ina matope. Nikauliza, "Jina la mtoto?" Mchina akajibu, "Huang." Nikauliza, "Na wewe?" Akajibu, "Huang," huku anajigonga kifua. Hakujua Kifaransa, na Kiswahili chake kilikuwa cha shambani tu. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: baba, Huang, raia wa China, mtaalamu wa mpunga. Yule wa nyuma nikamwandika shahidi: Lotika, mkulima wa Lubunga. Sikusoma kwa sauti. Nilionyesha kwa kidole pa kusaini, Mchina akachora herufi zake, Lotika akatia dole gumba.

Niliona Mchina aliyevaa vizuri, nikamfanya baba. Niliona Mkongomani mwenye matope, nikamfanya mfanyakazi wake. Kosa la kalamu nimelisamehe zamani. Hilo la macho bado linanichoma, na nawaambia ninyi ili lisiwapate.

Baada ya wiki tatu Lotika akarudi peke yake na kilo chache za mchele mpya.

"Karani, aksanti sana kwa kumuandika mutoto wangu."

"Mtoto wako?"

"Eh, wangu! Ule Muchina iko ndoyi yake."

Ukurasa ulikuwa umekwisha kusainiwa na kufungwa, kuurekebisha kulihitaji hakimu, na Chef Lisungi angejua kwamba sikusoma kwa sauti. Nilikuwa nangoja kupandishwa cheo. Nikapokea mchele, nikasema karibu tena papa, nikafunga kitabu. Nilikaa kimya karibu miaka hamsini. Mchele ule tuliula nyumbani na ulikuwa mtamu, Mungu anisamehe.

Mtoto akakua. Ulipofika wakati wa serikali kupiga marufuku majina ya Kikristo, ya watakatifu, kila Pierre na Marie akatafuta jina la babu, na mwalimu mmoja wa Lubunga akakwama na Huang. Akafungua kalenda ya kanisa, akatafuta kuanzia Januari mpaka Desemba. Hakuna Mtakatifu Huang. Basi akampitisha. Huyo Huang wa Lubunga alikuja kuwa fundi wa reli, akaoa, akazaa, akawapa watoto jina lake, na miaka michache iliyopita akafa. Maisha yake yote hakuna aliyemuuliza cheti. Shuleni alionyesha karatasi ya ubatizo, na reli ilimtaka mikono tu.

Bintiye Béatrice ndiye aliyekuja kunigongea nyumbani, Kabondo, mwaka jana. Amesoma uuguzi, na alikuwa amepata nafasi kwenye hospitali ya serikali. Walitaka cheti cha uraia, mwisho wa mwezi uwe mwisho. Ofisini wakachimba kitabu cha zamani wakatoa ukurasa wa baba yake, wenye sahihi yangu.

"Papa Omari," akasema hata kabla ya kukaa, "banasema nkambo yangu, papa ya papa yangu, iko Muchina. Donc miye si Mukongomani."

Nilitaka kucheka. Nikamtazama usoni, hamu ya kucheka ikaniisha.

"Na tena banasema tuko bawongo, juu DNA ilisema hatuko Bachina."

"DNA gani?"

Akanieleza. Pale Makiso kuna mfanyabiashara Mchina anayeuza vipuri vya pikipiki, naye anaitwa Huang. Siku moja alikwenda kutibiwa malaria kwenye zahanati alikofanyia mazoezi Béatrice, akasoma jina kwenye koti lake, akapiga kelele kwamba amepata ndugu. Huko kwao ukoo wa Huang unaandika kitabu cha vizazi, baba kwa mwana, tangu zamani sana. Siku hizi wanakusanya na mate ya wanaume wa ukoo. Maana jina la Kichina linashuka toka kwa baba kwenda kwa mwana, na katika vinasaba vya mwanamume kuna sehemu inayoshuka kwa njia hiyo hiyo, basi wanataka kuona kama jina na damu vinatembea pamoja. Huang wa vipuri alichukua mate ya mdogo wake Béatrice wa kiume, akachukua na yake, akaenda nayo China alipokwenda kununua bidhaa.

Majibu ya yule kijana yalisema ukoo wa baba yake ni wa huku huku Afrika, China hakuna. Familia haikushangaa, wao walijua tangu mwanzo kwamba ni wajukuu wa Lotika. Ila Huang wa vipuri ana mdomo. Alisimulia kila aliyekuja kununua cheni ya pikipiki, na habari ikafika ofisini. Hapo mkuu wa ofisi akampa Béatrice mtego wa pande mbili: kama babu ni Mchina, wewe mgeni, kama babu si Mchina, cheti cha baba yako ni cha uongo na jina mmeliiba.

Nikamwambia Béatrice kweli yote, hapo hapo, mbele ya mke wangu ambaye naye alikuwa hajui. Mke wangu akanitazama kana kwamba mimi ni mpangaji asiyelipa. Béatrice hakulia. Aliuliza tu, "Alors, utasema vile ku tribunal?" Nikasema nitasema.

Kwanza tukaenda Makiso kwa Huang wa vipuri, nimgombeze kwa mdomo wake. Nilimkuta nyuma ya kabureta amenuna. Nilipofungua kinywa akanyanyua mkono.

"Papa, miye pia iko na problème."

Akatueleza, kwa Kiswahili chake cha dukani, kitu ambacho sikukitegemea. Babu yake alimfundisha kwamba zamani za kale kulikuwa na ufalme mdogo ukiitwa Huang. Ufalme mkubwa ukaumeza. Watu wake wakatawanyika, na hawakuchukua jina la aliyewashinda. Walijiita kwa jina la nchi yao iliyokufa, ili angalau jina lisife. Ndivyo kitabu cha ukoo kinavyosema, na yeye tangu utoto anaweza kuwataja wazee wake mmoja mmoja. Lakini mate yake mwenyewe yalisema jingine. Ukoo wa baba yake hauelekei kule kwenye ufalme. Unaelekea kwa watu wa milima ya kusini, waliokuja kuchukua jina la Huang baadaye sana. Labda walimfuata chifu mwenye jina hilo, labda mtoto alilelewa katika nyumba ya wenye jina hilo. Hakuna aliyeandika.

"Bana Huang iko mingi sana mu China," akasema. "Jina moja, lakini ba papa ya mwanzo, mingi mingi."

"Na jina lako, utaliacha?" nikamuuliza.

Akanitazama kwa hasira ya kweli. "Niache juu ya nini? Iko yangu!"

Jamani, nilifurahi. Nilikuwa nimekwenda kumgombeza, nikatoka nimemshika mkono.

Siku ya pili mimi na Béatrice tukapanda toleka, zile baiskeli za abiria, mpaka ofisini. Mkuu wa ofisi ni kijana mwenye suti nzuri na kompyuta, na siwezi kusema hakuwa na adabu. Alinipa kiti.

"Papa Omari, hii kitu iko mwepesi. Unatia sahihi hapa, unasema jina Huang iliingia juu ya kosa ya karani. Tunaifuta, huyu dada anakuwa Lotika, kesho anapata cheti yake. Tribunal ya nini? Itachelewa, atapoteza kazi."

Na alisema kweli, ingeweza kuchelewa. Zilibaki siku kumi na moja. Nikamgeukia Béatrice, maana kazi ni yake na jina ni lake, mimi nilikuwa na kosa tu. Alikuwa anakunja na kukunjua ukingo wa mkoba wake.

"Papa yangu alizikwa na ile jina," akasema mwishowe. "Iko ku musalaba. Nikikubali, ni sawa naandika kama papa yangu alikuwa kosa. Hapana. Kama kazi inapotea, ipotee."

Basi nikamrudishia kijana kalamu yake. Nikamwambia: kosa langu nalijua, liko kwenye mstari wa baba, nitalikiri popote. Jina halikuwa kosa. Lotika alilitoa kwa hiari yake, kwa rafiki aliyesimama naye matopeni, na wewe na mimi hatuna ruhusa ya kumnyang'anya marehemu zawadi yake. Akaniambia naiaibisha ofisi. Nikamwambia ofisi niliiaibisha miaka hamsini iliyopita, leo naifanyia usafi.

Enyi vijana, katika kompyuta kufuta hakuachi alama. Unabonyeza, jina limekwenda, wala hakuna atakayejua kwamba palikuwa na mtu. Wembe wetu ulikuwa na afadhali, karatasi ilibaki nyembamba ukiishika kwenye mwanga. Jifunzeni kuogopa kile kitufe.

Tulimsihi karani wa mahakama, akatupa nafasi siku ya nane. Hakimu alikuwa mama wa makamo, mwepesi wa maneno, hapendi hotuba. Nikamwonyesha ukurasa. Nikamwonyesha dole gumba la Lotika kwenye mstari wa shahidi, na maneno "mkulima wa Lubunga" kwa mwandiko wangu. Akaniuliza kwa nini nilikaa kimya. Nikasema, "Mama juge, niliogopa kukosa cheo. Na nilipokipata, niliona aibu." Watu waliguna. Waliguna kwa haki.

Mwakilishi wa ofisi akasimama na karatasi ya DNA. Akasema sayansi imeonyesha hawa si Huang. Nikaomba neno.

"Sayansi imeonyesha hawa si wa damu ya Mchina," nikasema. "Nani alibisha? Lotika alijua, mkewe alijua, kijiji kizima kilijua. Asiyejua ni mimi peke yangu! Sasa mwiteni huyu bwana wa vipuri, aseme damu yake yeye imesema nini."

Huang wa vipuri akaja mbele, amevaa shati lake la dukani, akasimulia yale aliyotusimulia. Mwakilishi akamuuliza kama anakubali wageni wachukue jina la ukoo wake. Akafikiri.

"Ule muzee wa mpunga alibeba mutoto mu mikono, akasaini," akasema. "Huang alishakubali. Miye nikatae kama nani?"

Hakimu aliandika kwa muda. Hukumu ilikuwa fupi. Mstari wa baba usahihishwe: baba ni Lotika, Mkongomani. Jina la mtoto lilitolewa na baba yake kwa hiari na linabaki kama lilivyo. Kisha akaongeza kwamba karani Omari alifanya uzembe na akauficha, na hilo nalo likaingia katika hukumu. Limo mle, nendeni mkasome. Mwanangu wa kwanza alitaka nikate rufaa juu ya hilo neno. Nikamwambia aache, nimelistahili.

Siku ya kumi, imebaki moja tu Béatrice apeleke cheti chake cha uraia, tukawa dirishani. Mkuu wa ofisi mwenyewe akakileta kitabu cha zamani, akapiga mstari mmoja juu ya maneno yangu, akaandika kandokando kwa mkono, akataka kufunga. Nikamwambia hapana, sheria inasema asome. Akasoma kwa kunong'ona. Nikamwambia apaze sauti, watu wanasubiri. Mstari mzima ukageuka kumtazama, wamama na watoto migongoni, na kijana akakohoa, akasoma tena, safari hii mpaka nje ikasikika:

"Huang, mtoto wa Lotika, mkulima wa mpunga wa Lubunga, Mkongomani."

Béatrice akainua mkono kwa niaba ya baba yake.

"Iko hapa," akasema.